Namna ya Kueleza kwa Nini Lugha Moja Huandikwa kwa Herufi za Kirumi na Nyingine Huzikataa

Swali hili huzuka mara kwa mara katika shule za Mombasa, hasa mwanafunzi anapotambua kwamba nyanyake aliyesoma chuoni tu, yaani shule ya Kurani, aliandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ilhali yeye mwenyewe hajawahi kufundishwa Kiswahili ila kwa herufi za Kirumi. Anayetakiwa kulijibu, awe ni mwalimu wa Historia au mwanafunzi aliyepewa kazi ya utafiti, kwa kawaida hukimbilia mojawapo ya majibu mawili mepesi. Ama atasema kwamba herufi za Kirumi ni rahisi na zinafaa zaidi sauti za lugha, ama atasema kwamba wakoloni walilazimisha. Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili huporomoka mara tu yanapopimwa kwa lugha ya pili au ya tatu.

Mwongozo huu unapendekeza uanzie kwingine. Uliza kwanza: mtoto wa lugha hiyo alifundishwa kusoma na nani, wapi, na kwa shabaha gani? Dini, serikali, kiwanda cha chapa na fahari ya taifa ni mambo makubwa, lakini yote hupitia mlango huo mmoja, kwa kuwa hati isiyofundishwa kwa watoto haidumu hata kama mfalme ameiamuru. Sauti za lugha, ambazo wengi huzitanguliza, zinafaa kuchunguzwa baadaye.

Tenga lugha na hati yake

Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, hakikisha hukuchanganya lugha na hati, kwa sababu hakuna lugha iliyozaliwa na herufi zake. Kimalta kimetokana na Kiarabu, na Mwarabu akikisikiliza kwa makini atatambua maneno mengi, lakini huandikwa kwa herufi za Kirumi kwa kuwa wenyewe ni Wakatoliki waliosomeshwa na Kanisa katika kisiwa kilicho jirani na Italia. Kihindi na Kiurdu cha mazungumzo ya kila siku hukaribiana kiasi cha watu kuelewana bila mkalimani, na bado Kihindi huandikwa kwa Devanagari, hati ya asili ya India, na Kiurdu kwa herufi za Kiarabu zilizoongezewa alama. Kidungan, kinachosemwa Kyrgyzstan na Kazakhstan na vizazi vya Waislamu waliotoka China, ni Kichina kwa asili yake. Hata hivyo huandikwa kwa herufi za Kisirili, yaani zile zinazotumiwa na Warusi, na wasemaji wake husoma bila ya kuhitaji alama hata moja ya Kichina. Mfano huu wa mwisho una thamani ya pekee, kwa maana wapo wengi wanaoshikilia kwamba Kichina hakiwezi kamwe kuandikwa kwa herufi za sauti kutokana na wingi wa maneno yanayofanana kwa matamshi. Uende nao darasani, utakupunguzia ubishi.

Tenga pia matumizi rasmi na matumizi ya simu. Vijana wa Mombasa ambao nyumbani kwao husemwa Kigujarati, Kikachi au Kiarabu huandikiana ujumbe kwa herufi za Kirumi, na wengine hutia tarakimu mahali pa sauti zisizo na herufi. Hilo halimaanishi kwamba lugha hizo zimeshika herufi za Kirumi. Lugha huhesabiwa kuwa imezishika pale ambapo shule huzifundisha, matangazo ya serikali hutolewa kwazo, na vitabu vyake hupigwa chapa kwazo.

Anzia Mombasa, kwa ushahidi unaoonekana

Anayefanya kazi hii Mombasa ana bahati, kwa sababu ushahidi wake hauhitaji safari ya mbali. Nenda Ngome ya Yesu na utazame juu ya lango. Utaona maandishi ya Kireno yaliyochongwa baada ya uasi wa mwaka 1631, kwa herufi zilezile za Kirumi tunazoandikia Kiswahili leo. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593 na wakaishikilia mpaka mwaka 1698 ilipotwaliwa na Waomani. Kwa zaidi ya miaka mia moja, basi, herufi za Kirumi zilikuwa mjini, mikononi mwa watu wenye mizinga, makasisi na biashara, na bado Kiswahili hakikuandikwa kwazo. Barua za kale zaidi za Kiswahili zinazojulikana kuwa zimesalia, zilizohifadhiwa katika nyaraka za Wareno huko Goa, iliyokuwa koloni lao India, zilitoka Kilwa mwaka 1711, na zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu ingawa zilikuwa zikiwaendea Wareno.

Jambo hili peke yake linatosha kuivunja dhana kwamba lugha huchukua herufi za yeyote anayeitawala. Uulize ule mlango wa elimu, nawe utapata sababu. Wareno waliwasomesha wachache tu. Yusuf bin Hasan, mwana wa ukoo wa kifalme aliyepelekwa Goa akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo, alisoma kwao, kisha akarudi Mombasa na mwaka 1631 akawageukia. Watoto wa mji waliendelea kukaa chini ya mwalimu wao chuoni, wakajifunza alifu na be kwa ajili ya Kurani, na waliokuwa na haja ya kuandika mkataba, barua ya biashara au utenzi walitumia herufi walizokuwa nazo tayari. Hati ya Kiswahili ilikuwa tawi la hati ya dini, na hakuna aliyelazimika kuanzisha shule nyingine kwa ajili yake.

Sasa linganisha na karne ya 19. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na baada ya Johannes Rebmann kuwasili mwaka 1846 wakaanzisha kituo cha misheni huko Rabai. Krapf alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili huko Tübingen mwaka 1850 kwa herufi za Kirumi, na hakuficha sababu yake: aliona kwamba herufi za Kiarabu zingeufungulia Uislamu njia ya kuingia bara, kwa watu ambao yeye alitaka kuwaletea Injili. Hapo mwanafunzi apige mstari. Sababu ya mtu aliyetangulia kuandika sarufi ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi ilihusu wanafunzi aliowatarajia na mahali alipotaka waelekee, wala haikuwa hesabu ya irabu peke yake. Unguja nako Edward Steere wa misheni ya Kianglikana alipiga chapa vitabu vya Kiswahili kwa herufi hizohizo, na kuanzia mwaka 1875 makazi ya Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, yakawa na watumwa walioachiliwa huru ambao hawakuwa na urithi wa chuo. Kwa watu hao herufi za kwanza kuzijua zilikuwa za Kirumi. Huo ndio mlango ambao Wareno hawakuufungua.

Usiandike, hata hivyo, kwamba wamishonari wote waliidharau hati ya zamani. W. E. Taylor, aliyekaa Mombasa miaka ya mwisho ya karne hiyo, aliisoma vizuri, na alifanya kazi pamoja na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mshairi na mwanachuoni wa Mombasa, katika kukusanya mashairi ya Muyaka bin Haji. Mashairi ambayo leo mtoto wa shule huyasoma kwa herufi za Kirumi yalihifadhiwa kwanza vichwani mwa watu na katika karatasi za herufi za Kiarabu.

Serikali zilipoingia, hazikubadili mambo kwa siku moja. Wajerumani katika Tanganyika waliandikiana na maliwali na maakida kwa herufi za Kiarabu katika miaka ya mwanzo, kwa sababu hao ndio waliokuwa wakijua kuandika. Shule za serikali zilipotoa makarani wapya, barua nazo zikabadilika. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano hapa Mombasa ulioamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, jambo ambalo baadhi ya watu wa Mvita hawajalisamehe hadi leo, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kuisimamia kazi hiyo katika Afrika Mashariki. Zingatia kwamba hoja kubwa ya mkutano ule ilikuwa lahaja. Suala la herufi lilikuwa limekwisha kuamuliwa katika madarasa.

Kuna ushahidi mwingine wa kugusa kwa mkono. Noti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ziliandikwa thamani yake kwa Kiingereza, kwa herufi za Kiarabu na kwa Kigujarati, jambo linalokuonyesha ni nani waliohesabiwa kuwa wanajua kusoma na wana fedha za kushika. Leso za zamani zilizomo katika makumbusho zina maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na zile za baadaye kwa herufi za Kirumi; anayeuza leso alifuata macho ya mnunuzi. Ukiwa na jamaa mwenye sanduku la karatasi za kale, mwombe ruhusa, zipige picha penye mwanga usio wa jua kali, na umtafute mtu mzima aliyezoea khati hiyo akusomee huku ukirekodi. Usizigandishe kwa plastiki wala usizinyooshe kwa nguvu.

Pima hoja ya sauti, usiikubali bure

Hoja yenyewe husemwa hivi: Kiarabu kina alama tatu za irabu, fatha, kasra na dhuma, ilhali Kiswahili kina irabu tano, Kiarabu hakina p, v, g wala ch, kwa hiyo herufi za Kirumi zilishinda kwa haki. Kweli, maandishi ya zamani yalikuwa na taabu hiyo. Mwandishi aliweza kutumia be mahali pa p, fe mahali pa v na ghaini mahali pa g, na mara nyingi sauti ya m au n iliyotangulia b au d haikuandikwa kabisa, hivyo msomaji alitakiwa awe anaijua lugha na maana ya utungo kabla hajausoma.

Lakini taabu hiyo ilikuwa na dawa, na dawa yenyewe ilijulikana. Waajemi waliongeza herufi za p, ch, zh na g karne nyingi zilizopita, Kiurdu kikaongeza nyingine, na Kiuighur cha leo, kinachosemwa magharibi mwa China, huandika kila irabu waziwazi kwa herufi zenye asili ya Kiarabu. Hapahapa Mombasa, Mwalimu Sikujua alishughulika na jambo hilo, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu, alipendekeza herufi za ziada, na Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa aliyefundisha London, alitengeneza mfumo kamili uliofuata Kimvita, lahaja ya Mombasa. Mfumo huo wa mwisho una jambo la kuwanyamazisha wanaodhani herufi za Kirumi ni kioo cha sauti zetu. Kimvita hutofautisha t ya menoni na t ya ufizini, na hutofautisha pia sauti zenye pumzi na zisizo na pumzi, kama katika paa la nyumba na paa wa mwituni, au kaa la moto na kaa wa pwani. Tahajia sanifu ya Kirumi hufuta tofauti hizo zote. Herufi za Sheikh Yahya huzionyesha.

Kwa hiyo unapokutana na mtu anayesema kwamba hati fulani iliachwa kwa sababu haikufaa sauti, muulize kwa nini haikurekebishwa. Kivietnam kina sauti za kupanda na kushuka ambazo herufi za Kirumi hazikuwa na njia ya kuziandika. Zikabandikwa alama juu na chini mpaka zikafaa. Penye walimu na fedha, hati yoyote hurekebishwa. Kwa maoni yangu, hoja ya sauti hutolewa zaidi baada ya uamuzi kupitishwa kuliko kabla yake.

Kilichokuwa na uzito wa kweli ni mitambo. Kiswahili Sanifu hakihitaji herufi yenye alama juu wala chini, na hata ng' hutoshelezwa na alama ya ritifaa (') inayopatikana kwenye taipureta yoyote ya Kiingereza. Karani wa bandari ya Kilindini aliweza kupiga barua ya Kiingereza na ya Kiswahili kwa mashine moja. Herufi za Kiarabu, ambazo hubadilika umbo kufuatana na mahali zilipo katika neno, zilidai mashine nyingine na fundi mwingine wa kupanga chapa. Siku hizi kompyuta na simu zimeiondoa sehemu kubwa ya taabu hiyo, ndiyo maana usiitumie hoja ya taipureta kueleza mambo ya leo.

Chunguza amri, kisha uchunguze kama ilifuatwa

Zipo nchi zilizobadili herufi kwa sheria, nazo ndizo hupendwa na wanafunzi kwa kuwa zina tarehe. Uturuki ilipitisha sheria ya herufi mpya tarehe 1 Novemba 1928, na kuanzia Januari 1929 vitabu vilitakiwa vipigwe chapa kwa herufi hizo tu. Rais Mustafa Kemal mwenyewe alizunguka na ubao akifundisha. Ukieleza Uturuki, usiishie kwenye nguvu za rais. Eleza kwamba wakati huo watu waliojua kusoma walikuwa karibu mmoja kati ya kumi, kwa hiyo wengi hawakuwa na cha kupoteza. Kwamba dola ilikuwa imekwisha kufuta ukhalifa mwaka 1924 na ilitaka kizazi kipya kitazame Ulaya. Na kwamba shule zote zilikuwa chini ya wizara moja. Hasara nayo uitaje: mjukuu hakuweza tena kusoma jiwe la kaburi la babu yake.

Somalia iko karibu nasi zaidi na inafundisha mengi zaidi. Wasomali walibishana kwa miaka mingi baina ya herufi tatu. Herufi za Kiarabu zilikuwa na heshima ya dini. Herufi za Osmanya, zilizobuniwa na Osman Yusuf Kenadid mwanzoni mwa miaka ya 1920, zilikuwa za Kisomali hasa, na zilifaa lugha vizuri, lakini wapinzani wake waliziona kuwa ni mali ya ukoo mmoja. Herufi za Kirumi zilikuwa na doa la ukoloni na zilitiliwa shaka na wanazuoni, ingawa wataalamu walizipendekeza katika miaka ya 1960. Serikali za kiraia hazikuthubutu kuamua. Serikali ya kijeshi ya Siad Barre ilitangaza herufi za Kirumi tarehe 21 Oktoba 1972, ikawataka watumishi wa umma wajifunze kwa muda mfupi, na mwaka 1974 ikafunga shule za sekondari ili wanafunzi na walimu waende kuwafundisha wafugaji vijijini. Bila hatua hiyo ya mwisho, tangazo lingebaki karatasi.

Katika Umoja wa Kisovieti, lugha za Waislamu zilizokuwa zikiandikwa kwa Kiarabu zilipewa herufi za Kirumi katika miaka ya 1920, kisha mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940 zikahamishiwa kwenye Kisirili. Kiazeri, lugha ya Azerbaijan, kilirudi kwenye Kirumi mwaka 1991. Lugha moja imebadili herufi mara tatu katika muda wa maisha ya mtu mmoja, na sauti zake hazikubadilika. Mwanafunzi akikuuliza kama siasa ina nafasi katika jambo hili, mpe mfano huo na unyamaze. Kazakhstan nayo ilitoa amri ya kuhamia Kirumi mwaka 2017, lakini utekelezaji umesogezwa mbele zaidi ya mara moja, kwa kuwa huko karibu kila mtu amekwisha kusoma kwa Kisirili, na kumfundisha upya mtu anayejua kusoma ni kazi ghali kuliko kumfundisha asiyejua.

Vietnam inahitaji tahadhari. Herufi zake za Kirumi zilitengenezwa na mapadri wa Kijesuiti, Wareno na wengine, na kamusi ya Alexandre de Rhodes ilichapishwa Roma mwaka 1651. Kwa zaidi ya miaka mia mbili zilibaki kanisani tu. Wafaransa walizieneza katika shule zao ili kuwatenga Wavietnam na maandishi ya Kichina, na mitihani ya kale ya maofisa ikafanyika kwa mara ya mwisho mwaka 1919. Ukikomea hapo utasema kwamba mkoloni alilazimisha. Lakini wazalendo waliompinga Mfaransa nao walizishika herufi hizo, kwa kuwa mkulima aliweza kuzijifunza kwa miezi michache, na mwaka 1945 serikali ya Ho Chi Minh ilizifanya silaha ya kampeni ya kufuta ujinga. Chombo cha mtawala kikawa cha mtawaliwa, na hakuna sentensi moja fupi inayoweza kulisema jambo hilo kwa ukamilifu.

Waeleze waliokataa kwa sababu zao wenyewe

Kosa la kawaida ni kuziona lugha zisizoandikwa kwa Kirumi kana kwamba zimechelewa. Waarmenia wana herufi zao tangu mwanzo wa karne ya 5, zilizotengenezwa na Mesrop Mashtots ili Biblia isomwe kwa lugha yao. Wagiriki wana herufi za kale kuliko hizo za Kirumi zenyewe. Kiamhari huandikwa kwa herufi za Geʽez ambazo Kanisa la Ethiopia limezitumia kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano. Kila mmoja wa watu hawa alikuwa na kitabu, kasisi na mwanafunzi kabla mgeni yeyote hajafika na pendekezo lake.

Ethiopia inakupa jozi nzuri kuliko zote, nami ningeitumia kabla ya Japani au China. Kioromo na Kiamhari husemwa katika dola moja, na Biblia ya Kioromo ya mwaka 1899, kazi ya Onesimos Nesib, ilipigwa chapa kwa herufi za Geʽez. Hata hivyo, mwaka 1991, baada ya utawala wa Mengistu kuanguka, Waoromo walichagua Kirumi, wakakiita Qubee. Walitoa sababu za sauti, kwa kuwa Kioromo kina irabu ndefu na konsonanti zinazokazwa ambazo herufi za Geʽez hazizionyeshi vizuri. Lakini kila aliyefuatilia anajua kwamba chini ya wafalme Kioromo kilinyimwa shule, na hati ya Kiamhari ilikuwa hati ya aliyekinyima. Mmoja aliishika hati ileile ambayo mwenziwe aliikimbia, katika nchi moja, na dini peke yake haitoshi kueleza tofauti hiyo.

Japani ilishindwa vita mwaka 1945, na mwaka uliofuata ujumbe wa elimu kutoka Marekani ulipendekeza herufi za Kirumi. Hapo alikuwepo mtawala wa kigeni, mwenye majeshi, na pendekezo lililoandikwa. Halikufuatwa. Wajapani walipunguza alama za Kichina za matumizi ya kila siku hadi 1,850, na uchunguzi wa mwaka 1948 ukaonyesha kwamba wasiojua kabisa kusoma walikuwa wachache mno, hivyo hoja ya kwamba hati ndiyo inayowaweka watu gizani ikakosa miguu. China ilipitisha Pinyin, yaani Kichina kwa herufi za Kirumi, mwaka 1958, lakini kwa ajili ya kufundishia matamshi. Leo Mchina hupiga Pinyin kwenye simu yake na simu humpa alama za Kichina. Korea haikuwa na haja ya Kirumi, kwa sababu Mfalme Sejong alikwisha kuwapa watu wake herufi za sauti mwaka 1446, ingawa wakubwa walizidharau kwa karne nyingi.

Kwa Mombasa, usiache Kigujarati. Familia zimekaa hapa kwa vizazi kadhaa, mashina ya lugha yao yako mbali, na mabango ya mahekalu bado yana herufi zake. Jamii ndogo hukaa na hati yake inapokuwa na darasa lake la jioni na vitabu vya ibada. Darasa likifungwa, herufi nazo hukaribia kwenda.

Usiseme "iliacha" kabla ya kuhakikisha

Lugha nyingi hazikuacha hati moja na kushika nyingine, bali zimegawanya kazi. Malaysia iliifanya hati ya Rumi kuwa rasmi kwa sheria ya mwaka 1963, lakini Jawi, yaani Kimalay kwa herufi za Kiarabu, haikukatazwa, na huko Brunei huonekana kwenye mabango ya barabara. Kihausa huandikwa boko, yaani kwa herufi za Kirumi, shuleni, na ajami, yaani kwa herufi za Kiarabu, kwingineko. Kiserbia husomwa kwa Kisirili na kwa Kirumi na mtu yuleyule, siku ileile. Kiswahili nacho kiliandikwa kwa Kiarabu na watu wazima wa Mji wa Kale kwa miongo mingi baada ya shule kugeukia Kirumi, na wapo wanaokiandika hivyo hadi sasa katika mambo ya dini na ushairi.

Unapoandika jibu lako

Chagua lugha mbili, zisizidi tatu, na ziwe za nchi moja lakini zenye hati tofauti, kama Kioromo na Kiamhari, au zinazofanana kwa hati na kutofautiana kwa sababu, kama Kisomali na Kituruki. Kwa kila moja, eleza kwanza kilichokuwa kimeandikwa kabla na nani aliyekisoma. Kisha mtaje aliyefungua shule na aliyelipia vitabu. Baada ya hapo ndipo ulete sheria, kama ipo, na mwisho kabisa sauti na mitambo. Ukiugeuza mpangilio huo, msomaji atabaki na hoja ya sauti kichwani na hatazisikia zile nyingine.

Maneno kama "ya kisasa", "ya nyuma", "rahisi" na "ngumu" yasitumike bila kusema rahisi kwa nani. Alifu na be ni rahisi kwa mtoto aliyeanza chuo akiwa na miaka minne, na ni ngumu kwa karani aliyesoma misheni. Mambo huwa kinyume kwa herufi za Kirumi.

Kuhusu tarehe, andika mbili kila mara uwezapo: ile ya uamuzi na ile ya kuanza kutumika. Kwa Uturuki ni Novemba 1928 na Januari 1929. Kwa Somalia, Oktoba 1972 na kampeni ya vijijini ya mwaka 1974. Mahali ambapo hakukuwa na uamuzi wowote, kama kwa Kiswahili, usibuni mwaka. Andika miaka ya shule na ya vitabu vilivyopigwa chapa, na umwache msomaji auone mwendo wenyewe kutoka 1844 hadi 1930.